Riziki ya ndege iko machoni mwake

Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Mombasa, baada ya kilomita 200 hivi utafika Kibwezi. Wengi wetu hupita tu. Siku moja shuka na watoto, uwapeleke katika msitu ulio karibu na chemchemi za Umani, ambako maji ya mvua ya vilima vya Chyulu hububujika kutoka chini ya mawe ya volkano. Ketini kimya chini ya mgunga.

Mtadhani msitu umelala. Mara ndege wadogo wa kila aina watapita juu yenu wakilialia. Je, wanapigana? La hasha! Wanawinda wadudu pamoja. Macho mengi humwona mwewe mapema, na panzi akurupushwaye na huyu hudakwa na yule.

Hata hivyo, kila mmoja ana kazi yake. Yupo mdogo wa kijivu, aliaye kama mwanambuzi, ambaye hupekua majani ya vichaka karibu na ardhi. Yupo mwenye mkia mrefu wa rangi ya kutu. Yeye huvizia tawini, huchomoka, humdaka nzi hewani na kurudi kutua. Kigogota naye hugonga mti mkavu, akatia ulimi wake mrefu na kumvuta funza.

Mjanja wao ni mramba, yule mweusi mwenye mkia wa panda. Watafiti waliomchunguza jangwani Kalahari walieleza mwaka 2014 kwamba huiga milio ya hatari ya wengine. Wenzake wakikimbia, yeye huokota chakula walichoacha. Wakimzoea, hubadilisha mlio!

Sasa, mzazi, hapa ndipo penye uchungu. Anayebeba gogo kavu akachome makaa hudhani hajaudhuru msitu. Kumbe amebomoa ghala la kigogota. Anayefyeka kichaka amemfukuza kazi yule wa kijivu, naye hajui kuwinda hewani. Miti mirefu inaweza kubaki imesimama, na bado msitu ukanyamaza.

Hata nyumbani, kabla ya kunyunyizia ua lako dawa, kumbuka kwamba kiwavi yule ni chakula cha kinda fulani.

Wahenga walisema riziki ya mbwa iko miguuni mwake. Ya ndege iko machoni, lakini asipoachiwa pa kutazama, macho yatamfaa nini?