Tule Chakula cha Mwili Tunaoutaka

Kwa muda sasa wananchi wengi wa kanda hii, wa nchi kavu na wa visiwani, wamekuwa wakiulizana habari ya kupunguza mwili. Swali ni jema. Majibu wanayopewa ndiyo yanayotutia shaka. Mmoja huambiwa asionje ugali mwezi mzima. Mwingine huuziwa mnadani chupa ya dawa isiyo na jina la aliyeitengeneza. Wa tatu hushinda na njaa mchana kutwa, na usiku akamaliza sufuria. Haupiti muda mrefu, aghalabu wote watatu wamerudi walikokuwa.

Sisi tunaiunga mkono njia nyingine, ya polepole, ambayo haina wachuuzi kwa sababu haina cha kuuzwa. Njia yenyewe ni mtu kula kiasi kinachotosha kuukimu mwili wa uzito anaoutaka, kana kwamba amekwisha kuufikia, na kuendelea hivyo hivyo. Mwili mzito hutumia nguvu nyingi zaidi kuliko mwepesi, hata ukiwa umelala. Basi mwenye kilo 85 akila chakula cha kumtosha mtu wa kilo 75, mwili utalipa pengo dogo la kila siku kutoka katika akiba yake ya mafuta. Kadiri anavyopungua ndivyo pengo nalo linavyofumba, hata chakula na mwili vikalingana. Hapo hana mlo mwingine wa kuanza, maana ule ndio mlo wake wa siku zote.

Mwaka 2011 mtaalamu wa Marekani, Kevin Hall, na wenzake walitoa hesabu ya jambo hili katika jarida la The Lancet. Kwa kadirio lao, mtu mnene akipunguza kalori 24 hivi kwa siku, na asirudi nyuma, hatimaye atapungua kilo 1. Nusu ya upungufu huo hupatikana katika mwaka wa kwanza, na karibu wote katika miaka 3. Kwa kilo 10, basi, ni kalori 240 kwa siku. Hiyo ni kama chapati moja ya mafuta, au vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kukaangia, au soda moja pamoja na vijiko sita vidogo vya sukari ya chai. Asiyeweza kuiacha chapati, na tunawajua wengi, aiache soda na sukari.

Wako watakaocheka wakisikia kilo 5 kwa mwaka mzima. Tunawauliza: unene wenyewe uliingia kwa muda gani?

Tutazame hapa Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale. Mchimbaji mdogo wa dhahabu anayeshuka shimoni na kupandisha mawe hustahili mlima wake wa ugali, na mkulima wa pamba vivyo hivyo. Lakini mchimbaji huyo akipata, akafungua duka la kununua dhahabu, akaketi kitini tangu asubuhi na kwenda kwake kwa pikipiki, mara nyingi ule mlima wa ugali humfuata dukani bila kupungua hata tonge, na nyama huongezeka. Visiwani, Ukerewe, Kome, Maisome na Izumacheli, mambo ni hayo hayo. Aliyekuwa akipiga kasia sasa ana injini. Na aliyefanikiwa kuwa mwenye mitumbwi hungoja dagaa ufukoni. Kazi imebadilika na sahani haikupewa habari. Hatuwalaumu watu hawa, kwani walikula walivyozoeshwa na kazi ngumu ya miaka mingi.

Tena lipo jambo ambalo watu wa Kanda ya Ziwa hulisema kwa sauti ya chini. Tangu Ukimwi ulipogunduliwa Kagera mwaka 1983, kukonda kwetu si jambo jepesi. Mtu akipungua kwa ghafla, majirani huanza kuhesabu mazishi. Tunaamini wapo wanaouogopa mzani kwa sababu hiyo tu, na wengine hurudisha unene kusudi ili wanyamazishe maneno. Upungufu wa polepole haumshtui jirani, wala hauudhoofishi mwili. Ila anayekonda pasipo kukusudia asijipongeze. Aende zahanati mara moja. Na wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wagonjwa wasijiwekee hesabu hizi bila ya kumwona mganga.

Sasa tuna neno kwa wenye dhamana. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka huo huo kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu vijijini kuzunguka redio, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Adui wa siku zile alikuwa upungufu, na hajaondoka: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikuta watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Lakini utafiti huo huo uliwakuta wanawake 28 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wana uzito uliozidi. Mama mnene na mtoto aliyedumaa huweza kula chungu kimoja.

Kwa hiyo hatuombi kuguswa kwa ile shilingi 1,000 ambayo halmashauri zilitakiwa kumtengea kila mtoto wa umri huo chini ya mkataba wa lishe wa mwaka 2017. Fedha ile ni ya watoto, ibaki kwa watoto. Tunaloomba ni dogo. Mama anapompeleka mtoto kupimwa uzito, naye apande mzani, aandikiwe kilo zake na kuelezwa sahani ya mwili wake ikoje, kwa vipimo anavyovijua vya kijiko, bakuli na tonge. Afisa lishe avuke maji na kuyasema hayo mialoni, jioni, kabla mitumbwi haijaingia ziwani.

Watumishi nao waanze na vikao vyao. Chai ya saa nne yenye chapati mbili na soda, kwa mtu aliyekaa kitini tangu saa mbili na atakayekaa hapo hadi saa tisa, ni mlo wa mchimbaji. Katika kikao kijacho cha halmashauri soda zibaki dukani, yaletwe maji, karanga kidogo na matunda ya msimu, na mzani uwekwe mlangoni.