Bodi ya matatu iwe na jina la aliyeiunda

Matatu za Eastlands, Nairobi, zimeandikwa kila kitu. Ubavuni kuna sura ya mwanasoka wa Uingereza, nyuma kuna maneno ya kumchokoza anayekuja, kiooni kuna jina la Sacco, yaani ushirika wa wenye matatu, na karibu na mlango, kwa rangi nyeupe na herufi ndogo, kuna T.W., uzito wa gari likiwa tupu, na idadi ya kilo. Jina ambalo mara nyingi abiria atalitafuta bila kulipata ni la karakana iliyounda bodi aliyoketi ndani yake. Tunataka jina hilo liwekwe, kwenye kibao cha chuma, na iwe lazima.

Basi dogo la viti 33 linalokwenda Umoja, Kayole au Dandora huanza maisha likiwa nusu gari. Kampuni ya kuunganisha magari, mathalan Isuzu East Africa, huuza chasisi: fremu, injini, giaboksi, magurudumu. Kitambulisho chake kimegongwa kwenye chuma cha fremu. Kwa magari mengi duniani hiyo ni namba yenye herufi na tarakimu 17, na haina I, O wala Q kwa kuwa mtu angezidhania 1 na 0. Mwenye gari huichukua chasisi hiyo akaipeleka kwa waundaji bodi. Huko mafundi hukata mabomba ya mraba, wakachomelea nguzo za ubavuni na za paa, wakapigilia mabati, wakafunga madirisha na viti. Ikiwa mwenyewe anataka nganya, matatu ya mapambo na muziki, ya kutikisa Buruburu, kazi haijaisha: kuna spika zinazojaa nyuma ya viti, skrini, taa na bampa la chuma zito kama kitanda cha hospitali.

Namba ya chasisi itakuambia ni nani aliyetengeneza fremu. Kuhusu zile nguzo za paa, ambazo ndizo kinga ya abiria gari linapobingirika, haina la kusema.

Oktoba 10, 2018, basi lililotoka Nairobi likielekea magharibi mwa nchi lilianguka Fort Ternan, kaunti ya Kericho, na zaidi ya watu 50 wakafa. Paa lake liling'oka. Baada ya ajali za namna hiyo huulizwa habari za dereva, mwendo, leseni na mwenye gari, na ni haki ziulizwe. Lakini ni nani aliyechomelea paa, lini, na chasisi ilitengenezwa kubeba uzito gani? Mpelelezi hapaswi kuzunguka Industrial Area akigonga mageti ili ajibiwe. Majibu yanafaa yawe kwenye gari lenyewe, hata likiwa limelala mtaroni.

Kanuni za ujenzi tunazo. Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, lina kiwango KS 372 kuhusu bodi za magari ya abiria, na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, hukagua magari ya uchukuzi wa umma kila mwaka, ikiwemo katika kituo chake cha Likoni Road. Ila kiwango kinachokaa kwenye faili hakimsaidii mama aliyesimama Donholm saa kumi na mbili asubuhi akichagua apande lipi. Hakimsaidii hata afisa wa trafiki wa Jogoo Road, ambaye anachokiona ni rangi na namba ya usajili.

Marekani walilitatua jambo hili zaidi ya nusu karne iliyopita. Kila gari jipya lazima liwe na kibandiko cha mtengenezaji, kwa kawaida kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kikitaja jina lake, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa likiwa limepakiwa, mzigo wa kila ekseli, na tamko kwamba gari lilitimiza kanuni za usalama siku lilipotengenezwa. Ukikibandua, kinaharibika. Na gari likijengwa kwa awamu, chasisi kwa huyu na bodi kwa yule, anayelikamilisha naye huweka kibandiko chake. Mtengenezaji wa chasisi humkabidhi hati inayoeleza mipaka ya uzito, na mjenzi wa bodi akiivuka mipaka hiyo hawezi kumsingizia mwenzake. Hivyo ndivyo matatu zetu zinavyojengwa, kwa awamu, lakini hapa kwetu mjenzi wa pili akimaliza kazi hupokea pesa zake na gari likaondoka.

Ile T.W. ya rangi haitoshi. Aliyeandika kilo 5,000 jana anaweza kuandika 4,500 leo, na hakuna anayelirudisha gari kwenye mizani baada ya spika kuongezwa. Kuna pia chasisi kuukuu zinazovishwa bodi mpya. Gari hung'aa kama limetoka dukani juzi, na abiria mwerevu hubaki akikisia umri wake kwa herufi za namba ya usajili. Kibao chenye tarehe mbili, ya chasisi na ya bodi, kingemwondolea kazi ya kukisia.

Tutaambiwa kwamba hii ni njia nyingine ya kuwakamua mafundi wadogo. Kibao cha bati kilichogongwa herufi na kufungwa kwa riveti ni kazi ambayo fundi wa Kamukunji huimaliza kabla ya chai ya saa nne. Tena humlinda fundi mzuri: mwenye gari akikata nguzo baadaye ili kuongeza mlango au safu ya viti, lawama haitarudi kwa aliyejenga sawasawa. Tutaambiwa pia kwamba vibao bandia vitajaa River Road kwa wiki moja. Vitakuwepo. Ndiyo maana maandishi ya kibao yaingizwe kwenye rekodi ya NTSA pamoja na namba ya chasisi siku ya ukaguzi wa kwanza, na mtu yeyote mwenye simu aweze kuyalinganisha bila kulipa.

Na wanaodai kwamba matatu hazitawaliki wakumbuke Februari 2004, kanuni za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilipoanza kutekelezwa. Mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano vilipatikana, baada ya miaka ya kuambiwa haiwezekani.

KEBS na NTSA waanze na bodi mpya, kisha kila bodi inayofumuliwa na kuundwa upya. Sacco za Eastlands hazina haja ya kungoja gazeti rasmi la serikali. Zina orodha ya magari yao, zinawajua waundaji kwa majina, na mwanachama anayeleta gari jipya huja kwao kabla halijabeba abiria hata mmoja. Zimkatalie foleni hadi aonyeshe kibao.