Fungu la Maskini Mikononi mwa Majimbo

Wako wanaodai kwamba mamlaka yakishateremshwa kutoka serikali kuu hadi majimboni, maskini huwa amesogezewa haki yake. Sisi tuliosomea sheria tunawasihi ndugu wasomaji waitazame Marekani kwanza.

Mwaka 1970, katika kesi ya Goldberg dhidi ya Kelly iliyotoka New York, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ofisi haiwezi kumkatia maskini msaada kabla ya kumsikiliza. Alikuwa na haki, hata mbele ya karani wa mtaani. Lakini mwaka 1996 Rais Clinton alitia sahihi sheria iliyoufuta mpango ule wa zamani. Mpokeaji alitakiwa afanye kazi, msaada wa serikali kuu ukawekewa ukomo wa miaka 5, na majimbo yakakabidhiwa mafungu yao kwa uhuru mpana. Tena sheria hiyo ilitamka wazi kuwa haimpi mtu yeyote haki ya kudai msaada.

Huko Mississippi, mojawapo ya majimbo maskini kabisa nchini humo, ukaguzi wa mwaka 2021 ulikuta zaidi ya dola milioni 77 zimetumiwa isivyopasa. Milioni 5 zilikwenda kujenga uwanja wa voliboli wa chuo kikuu! Ni kweli kwamba aliyefichua uovu huo ni mkaguzi wa jimbo lenyewe, wala si Washington. Kwa hiyo hatusemi kila kitu kirudishwe serikali kuu. Tunachodai ni kwamba, fungu likae kokote litakakokaa, mama aliyenyimwa abakiziwe njia ya kwenda mahakamani.