KIJISANDUKU CHA TREKTA NI MIZANI MPYA, TUISOME WENYEWE

Ndugu wanaushirika,

Wiki hii maneno ni mengi, kisimani na kilabuni, juu ya kijisanduku kinachotaka kufungwa kwenye trekta letu. Wengine wanasema ati ni jasusi. Wengine wanafurahi kwamba dereva sasa atakamatwa. Sisi wa ofisi ya tawi tunasema: kifungwe, lakini kwa masharti.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Kwenye injini kuna vipimio vidogo. Kimoja hupima joto, kingine nguvu ya oili, kingine dizeli iliyomo tangini, kingine huhesabu saa ambazo injini imefanya kazi. Kijisanduku hukusanya hesabu hizo, hujua mahali trekta lilipo kwa njia ya setilaiti, halafu hutuma habari zote kwa laini ya simu. Mtu aliye mbali anaona kana kwamba amekaa juu ya trekta.

Siyo jambo la jana. Huko Japani, kampuni ya Komatsu ilianza mwaka 2001 kufunga chombo cha namna hiyo kwenye mitambo yake tangu kiwandani.

Faida tunaiona. Msimu uliopita injini yetu ilikufa kwa joto katikati ya kilimo, na mashamba ya wajane yakabaki nyasi. Joto lile halikuja siku moja. Chombo kingetuonya mapema. Na dizeli je? Daftari la dereva na daftari la stoo mpaka leo hayapatani, tunabaki kunyosheana vidole. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini tusibweteke. Namba husema kitu, hazisemi sababu. Injini ikiunguruma saa nzima bila kulima, huenda dereva alilala. Huenda pia betri ilikuwa mbovu akaogopa kuzima. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Dereva asikilizwe kwanza.

Tena, anayeona kutoka mbali huenda akaweza pia kuzima kutoka mbali. Mwaka 2022, katika vita vya Ukraine, mashine za kilimo za John Deere ziliibwa mjini Melitopol zikapelekwa mpaka Chechnya. Iliripotiwa kwamba zilipofika hazikuwaka, zilikuwa zimefungwa kutoka mbali. Mwizi kukomeshwa ni vizuri. Lakini jamani, mkono unaoweza kumzimia mwizi unaweza kumzimia hata mkulima aliyechelewa kulipa mkopo, tena siku mvua inanyesha! Kabla ya kutia sahihi tuulize: ufunguo huo anao nani?

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Hesabu za trekta ziwe mali ya ushirika, zisiwe za muuzaji peke yake.
2. Kila Jumamosi zibandikwe kwenye ukuta huu: saa, dizeli na eka zilizolimwa.
3. Dereva na fundi wetu wafundishwe kuzisoma.
4. Trekta lisizimwe kutoka mbali bila kamati kuarifiwa. Hilo liandikwe kwenye mkataba.

Ndugu, wengi wetu tulijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Kabla ya hapo karani wa mizani alikuwa anatusomea kilo anazotaka yeye, nasi tunaitikia. Siku tulipozijua namba, tulisogea karibu na mizani, na kilo zikaongezeka zenyewe! Kijisanduku hiki ni mizani mpya. Anayekataa kifungwe anataka gizani. Anayekubali bila kuuliza anataka kusomewa. Sisi tunataka kusoma wenyewe.

Mkutano ni Jumamosi, saa nne asubuhi, chini ya mwembe. Njooni wenyewe, msitume watoto.

Ushirika ni nguvu!

Katibu wa Tawi