Tunamlipa fundi afungue, hatumlipi asikilize

 Wiki tatu hizi nimekuwa mwandishi wa habari asubuhi na saidia fundi jioni, kisa Hilux ya mjomba.

Mnaoifahamu Tandika mnazijua gari za aina hii. Dizeli, injini ya 3L, rangi imepigwa mara nne juu ya nyingine, leo imebeba magunia ya vitunguu na kesho kitanda cha bibi harusi. Hilux hiyo imewasomesha binamu zangu wawili na sasa inamsomesha wa tatu. Basi siku moja ikaanza kulia. Ta-ta-ta-ta, kama cherehani. Ukikanyaga mafuta mlio unakimbia, ukiachia unatembea.

Nianze na hesabu, maana hesabu ndiyo iliyonipandisha hasira. Ugonjwa wenyewe ulitibiwa kwa vifaa vya shilingi 18,000. Kabla ya hapo mjomba alikuwa ameshatoa 415,000, na alibakiza siku mbili tu aende kukopa 2,500,000. Tumezoea kusema mafundi ni wezi. Mimi leo nasema hapana, wezi wapo lakini si hao waliokula hela ya mjomba. Iliyokula ni tabia yetu wenyewe wenye magari: fundi anayefungua injini tunamlipa, fundi anayeisikiliza tunamwambia asante.

Sikilizeni sasa.

Fundi wa kwanza hakuuliza hata swali moja. "Tapeti hizo mzee." Akaomba 40,000 ya ufundi na 75,000 ya oili mpya nzito "ili injini itulie". Akafungua kifuniko cha juu, akaingia na spana na bisibisi, baada ya dakika ishirini akatoka akisema ameseti. Jamani, ameseti nini? Injini ya 3L haina skrubu ya tapeti ya kuzungusha. Uwazi wa valvu unapimwa injini ikiwa baridi, kwa geji ya visahani vyembamba vya chuma, na ukikuta uwazi umezidi unatoa kijisahani kilichopo juu ya tapeti na kuweka kingine chenye unene tofauti. Ni kazi ya sehemu ndogo sana za milimita, na inahitaji kuandika namba kwenye karatasi. Sikuona geji wala karatasi. Mlio ukabaki palepale, ila sasa ulikuwa na oili mpya.

Fundi wa pili alikuwa na elimu zaidi, na ndiye aliyenifundisha kuwa nusu elimu ina gharama kuliko ujinga. Aliiacha injini ikinguruma, akalegeza nati ya paipu ya nozeli moja baada ya nyingine. Kipimo hicho ni kizuri na ni cha siku nyingi. Dizeli haina plagi za cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inapata moto wa kutosha kuwasha mafuta, na nozeli inayanyunyiza kwa wakati wake. Ukilegeza ile nati, mafuta yanavuja nje na silinda hiyo inaacha kuwaka. (Msijaribu kwenye dizeli hizi mpya zenye kompyuta. Humo mafuta yana msukumo wa kutoboa ngozi ya mkono.) Alipofika silinda ya tatu, mlio ukakatika. "Umeona? Nozeli." Tukaenda Gerezani, nozeli nne za mtumba 240,000, ufundi 60,000. Zikafungwa. Tukawasha. Ta-ta-ta-ta.

Hapo mjomba alikaa kwenye tairi la akiba, hakusema neno.

Wa tatu alisikiliza sekunde kumi, akarudia kipimo kilekile cha nati, akafuta mikono. "Nozeli mmebadilisha, silinda ya tatu bado inagonga. Basi hiyo ni beringi ya konrodi. Injini imekufa hiyo. Ovahoo, milioni mbili na nusu, na mkiendelea kuiendesha itatoboa bloku." Na ukimsikiliza, maneno yake yana mantiki! Beringi ya konrodi ikilika, ukiikatia silinda mafuta mlio hupungua kweli, kwa sababu mlipuko unaoisukuma pistoni haupo. Mimi nilimwamini. Mjomba naye akaanza kuulizia mkopo, ule wa kurudisha kila wiki, dhamana ni kadi ya gari lenyewe.

Jirani mmoja ndiye aliyetuambia tupite Mtoni kwa Azizi Ally, kuna mzee anakaa chini ya mwarobaini, hana kibao wala ukuta. Tukamkuta. Shikamoo, marahaba. Hakuinua boneti. Aliuliza:

"Inagonga asubuhi au mchana?"

Mjomba akafikiri. Asubuhi sana, akasema. Ikishatembea mpaka Mbagala inapungua, wakati mwingine inanyamaza kabisa.

"Basi si beringi," mzee akasema.

Wadau, swali moja, la bure, liliokoa 2,500,000. Akatueleza bila haraka. Beringi iliyolika huzidi kugonga injini ikipata joto, maana oili inakuwa nyepesi na haiwezi tena kuziba ule uwazi. Mlio unaotangulia ukiwa mkubwa kwenye baridi na kufa kwenye joto ni wa kitu kinachotanuka na kujiziba. Akatuambia tuiache gari ilale pale, asiguse chochote usiku. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukarudi, injini ikiwa baridi. Akachukua kipande cha mpira wa maji kama urefu wa mkono, ncha moja sikioni, nyingine akaitembeza taratibu pembeni mwa injini wakati saidia wake anawasha. Kwanza juu kwenye valvu. Kisha kwenye nozeli. Kisha kwenye manifoldi ya ekzosi, kile chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda zote. Mbele ya silinda ya tatu akasimama, akaniita nisikilize.

Haikuwa kugonga. Ilikuwa pumzi. Fu-fu-fu-fu, kali, fupi. Gasketi ya manifoldi ilikuwa imeungua mahali pale, nati moja haikuwepo kabisa na nyingine mbili zimelegea. Ukichungulia ungeona masizi meusi yamepaka chuma, yako wazi kama wanja. Kila silinda ya tatu inapotema moshi, moshi unatokea pale pembeni na kulia. Chuma kikipata joto kinatanuka, upenyo unabanwa, mlio unaisha. Na ndiyo maana ulikatika nati ya paipu ilipolegezwa: silinda isiyowaka haina moshi wa nguvu wa kutema. Mafundi wawili walipima kitu kilekile, wakakiona kilekile, kila mmoja akakipa jina la kifaa anachojua kukibadilisha.

Gasketi na nati, 18,000. Kazi iliisha kabla ya saa nne.

Sasa tufike kwenye aibu. Mjomba akamuuliza mzee anadai kiasi gani. Mzee akasema 25,000. Na mjomba wangu huyu, aliyemhesabia fundi wa nozeli 60,000 bila kukunja uso, akasema: "Mzee, si umesikiliza tu? Kazi yenyewe nusu saa." Akampa 10,000. Nami nilikuwepo, nina elfu ishirini mfukoni, nikanyamaza. Tena moyoni niliona ni sawa! Tukaondoka injini inanguruma vizuri, tunacheka.

Hapo ndipo mafundi wetu wanapofundishwa kazi. Fundi kijana anayesimama pembeni anaona nini? Anaona mwenye gari analipa akiona vipuri vimetandazwa kwenye gunia na mikono imejaa grisi. Anaona aliyepata ukweli kwa mpira wa maji kaambulia elfu kumi, na aliyekosea kaondoka na elfu sitini. Ungekuwa wewe ungechagua ufundi upi? Tumeweka bei kwenye kubadilisha, kwa hiyo tunabadilishiwa.

Najua majibu yenu. Wa kwanza atasema peleka gari kwenye mashine, siku hizi kuna kompyuta ya kupima. Ndugu yangu, Hilux hii pampu yake ya mafuta ni ya chuma na springi, haina pa kuchomeka hiyo kompyuta. Magari ya namna hii bado yanalisha nusu ya Temeke. Na hata kwenye gari jipya, mashine haikuambii kama gasketi ya manifoldi imeungua. Sikio bado ni kifaa.

Wa pili atasema dawa ni kufukuza gereji bubu. Huyu ndiye anayenichosha zaidi. Mzee wa mwarobaini ni gereji bubu! Fundi wa nozeli alikuwa na ukuta, geti na risiti. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mitaani, na chuo chao kipo hapohapo Chang'ombe. Badala ya kuimba wimbo wa kuwahamisha mafundi kila mwaka, mngewauliza wangapi wameambiwa kuwa utaratibu huo upo. Tukifukuza miti yote tutabaki na mageti.

Wa tatu atasema ni mafuta. Huyu namkubalia kidogo. Enzi zile za kuchakachua, dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, pampu na nozeli ziliumia kweli, maana zinalainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake, na mafuta ya taa ni mepesi. Ndiyo maana mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchanganyaji usilipe. Lakini mafuta mabovu hayachagui silinda ya tatu peke yake, na hayanyamazi ukifika Mbagala. Fundi aliyezoea kusingizia mafuta naye hajasikiliza.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Ukipeleka gari, taja bei ya kutafuta ugonjwa kabla hujataja bei ya spea. Mwambie fundi: nitakulipa elfu kadhaa uniambie ni nini na umejuaje, hata kama dawa yake ni nati moja. Akisema "badilisha tuone", funga boneti uondoke. Hiyo "tuone" unailipia wewe.

Jumamosi nilirudi Mtoni na 20,000. Mzee alikuwa amelala chini ya Canter, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikamwambia ni deni la mjomba. Akatoka, akafuta mikono, akahesabu, akanirudishia elfu tano.

"Tulipatana ishirini na tano. Kumi alishanipa."

Kisha akaniuliza Hilux inalia saa ngapi siku hizi. Nikamwambia hailii.