Kipimo kimoja cha VVU hakitoshi kuthibitisha maambukizi

Mjamzito amefika kliniki kwa mara ya kwanza. Anatobolewa kidole, anasubiri majibu, kisha anaambiwa damu yake itapimwa tena kwa kipimo kingine. Moyo unamwenda mbio. Je, ameshaambukizwa?

Bado hajulikani. Vipimo vya haraka vya VVU havitafuti kirusi chenyewe, bali kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kirusi kuingia. Ni vipimo vizuri, lakini mara chache hukosea, na kosa hilo lina uzito zaidi pale wenye maambukizi wanapokuwa wachache.

Tufanye hesabu. Tuseme kipimo hukosea kwa mtu 1 kati ya kila 100 wasio na VVU. Ukipima watu 1,000 ambao 100 kati yao wana maambukizi, utapata majibu chanya ya kweli 100 hivi na ya uongo 9. Ukipima watu 1,000 ambao ni 10 tu wenye maambukizi, ya kweli yatakuwa 10 na ya uongo pia 10. Kipimo ni kilekile, lakini sasa nusu ya wanaoambiwa "chanya" hawana VVU.

Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizishauri nchi zote zithibitishe maambukizi kwa vipimo vitatu tofauti vinavyofuatana. Awali, nchi zenye maambukizi ya asilimia 5 au zaidi ziliruhusiwa kutumia viwili. Tanzania Bara na Zanzibar kwa pamoja, utafiti wa 2022-2023 ulionyesha asilimia 4.4 ya watu wa miaka 15 na kuendelea wana VVU. Tena wengi wao wanajijua na wako kwenye dawa, hivyo miongoni mwa wanaokuja kupima leo, wenye maambukizi ni wachache zaidi.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Aliyeambukizwa wiki chache zilizopita anaweza kupata majibu hasi kwa sababu kingamwili hazijatosha. Kama ulikuwa kwenye hatari hivi karibuni, rudia kupima baada ya miezi mitatu. Anayetumia ARV naye asijipime ili kuona kama amepona: dawa zinaweza kupunguza kingamwili kipimo kisizione, ilhali virusi bado vimo mwilini.

Kwa wazazi, mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hubeba kingamwili za mama hadi kufikia miezi 18. Kipimo cha haraka kikiwa chanya kwake, hakithibitishi kwamba ameambukizwa. Anahitaji kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe, kuanzia wiki ya nne hadi ya sita. Usisubiri afikishe miezi 18, kwani mtoto aliyeambukizwa asipopata dawa mapema anaweza kupoteza maisha.

Tangu sheria irekebishwe mwaka 2019, Mtanzania anaweza kujipima mwenyewe. Ukipata chanya nyumbani, usimweleze mwenzako kwamba umeambukizwa wala usianze dawa za kununua mtaani. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Na kabla ya kukubali majibu yoyote, muulize mhudumu: "Nimepimwa kwa vipimo vingapi?"