Mangina: Filta ya mafuta isingoje gari kuzimika porini

Katika teritware ya Beni, ambako waasi wa ADF wanaua raia tangu 2014, gari kuzimika njiani si jambo dogo. Kutoka Beni hadi Mangina ni kilomita 30 hivi, na gari la zamani linalotiwa mafuta ya bidoni hupata pia maji na uchafu. Filta ikijaa, mafuta hayafiki vizuri kwenye injini: gari linakosa nguvu mlimani, kisha linazimika. Wenye magari husema pesa hakuna. Lakini filta ni bei ndogo kuliko kulala porini na familia za wakimbizi. Dereva aibadilishe kabla ya kupakia watu. Abiria naye aulize: filta ilibadilishwa lini?